Kibao kinasema huruma, hesabu inasema faida: historia ya nguo za balo



Mwaka jana tulikaa watu saba, wote wenye diplome, wote bila kazi, ndani ya chumba kimoja hapa Bukavu, tukaandika katiba ya shirika. Wazo letu lilikuwa hili: ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani watatukusanyia nguo walizochoka kuvaa, tutazipokea kwa jina la mayatima, sehemu kidogo tutaigawa, sehemu kubwa tutaiuza sokoni, na ile pesa itatulipa mishahara. Mimi njo nilikuwa mwandishi. Kwenye kifungu cha kwanza niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "shirika lisilotafuta faida". ASBL, kama tunavyosema wote.

Jioni nilimsomea mama ile katiba. Mama yangu anauza nguo za balo katika soko la Kadutu tangu sijazaliwa. Minervali yangu yote, toka shule ya msingi mpaka inivesite, ilitoka ndani ya balo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Papa, iko muzuri. Lakini kama faida hamuitafute, njo mutakula nini?"

Sikupata jibu. Nilicheka tu, kama tunavyocheka tukishindwa na wazazi wetu ambao hawakusoma. Lakini lile swali halikuniacha nilale. Nikaanza kutafuta: hii nguo ambayo mtu alitoa bure kule, na ambayo mama ananunua kwa dola hapa, iligeuka biashara wapi? Na nani aliigeuza? Ninawaletea niliyoyapata, kwa sababu ninajua wengi kati yenu muko na katiba ya namna ile ile kwenye simu.

Tuanze mbali kidogo. Biashara ya nguo kuukuu ni ya zamani kuliko huruma ya nguo kuukuu. Zamani kule Ulaya nguo ilikuwa mali ya bei kali, kwa sababu kila uzi ulisokotwa na kila mshono ulipitishwa kwa mkono. Mtu aliandika koti lake katika urithi. Masikini hakununua nguo mpya hata siku moja. Alinunua iliyokwisha kuvaliwa, kwa mchuuzi. Paris ilikuwa na soko lake la Carreau du Temple, London ilikuwa na Petticoat Lane. Pale hapakuwa na yatima wala kanisa. Palikuwa na muuzaji, mnunuzi na mabishano ya bei, sawasawa na Kadutu siku ya leo.

Kisha viwanda vya pamba na cherehani vikashusha bei ya nguo. Watu wa miji mikubwa wakaanza kubaki na nguo wasizozihitaji. Hapo njo makanisa yaliingia. Mwaka 1890 William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, alitoa kitabu kuhusu masikini wa Uingereza, na ndani yake alipendekeza vikosi vya kupita nyumba kwa nyumba kuokota vitu vilivyotupwa, vitengenezwe, viuzwe. Mwaka 1902 kule Boston, mchungaji mmoja wa Kimetodisti, Edgar Helms, alianza kazi ambayo ikawa Goodwill: alikusanya nguo na viatu kwa matajiri, akawapa masikini kazi ya kuvitengeneza, na vikauzwa kwa bei ya chini. Mwisho wa mwaka 1947 Oxfam nayo ilipata duka lake la kudumu katika mtaa wa Broad Street, mjini Oxford.

Angalieni vizuri hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ninakosea. Nilifikiri zamani walikuwa wanagawa bure, halafu wenye tamaa wakaja kuuza. Hapana. Hata yale mashirika ya huruma yaliuza toka siku ya kwanza. Helms hakutaka kugawa bure, alitaka mtu apate kazi na mnunuzi abaki na heshima yake. Kwa hiyo tofauti haikuwa kuuza au kutouza. Tofauti ilikuwa: ikishauzwa, kinachobaki kinaenda kwa nani?

Mwaka 1954, San Francisco, William Ellison alifungua duka la nguo kuukuu ambalo lilijibu swali lile wazi: kinachobaki kinaenda kwa mwenye duka. Leo kampuni iliyotokana na duka lile inaitwa Savers Value Village, ina maduka zaidi ya 300 Marekani, Kanada na Australia, na mwezi wa sita mwaka 2023 hisa zake ziliingia katika soko la hisa la New York.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Shirika la huruma linaomba watu nguo. Watu wanatoa. Kampuni inanunua ule mzigo wote kwa shirika, mara nyingi kwa uzito, yaani kwa kilo. Shirika linapata pesa yake bila kulipa pango la duka wala mishahara ya wauzaji. Kampuni inachagua, inatia bei, inauza moja moja. Kati ya bei ya kilo na bei ya shati moja njo faida inakaa.

Mimi siwezi kusema huo ni wizi. Shirika dogo lisilo na duka, nguo elfu kumi lingezifanyia nini? Lakini kuna shida moja, na shida hiyo ilifika mahakamani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Bob Ferguson, aliishitaki kampuni. Alisema matangazo yake yanamfanya mteja aamini kwamba akinunua kitu dukani, pesa yake inasaidia shirika la huruma. Kumbe shirika lilikuwa linalipwa kwa vitu vilivyotolewa, si kwa vitu vilivyonunuliwa. Mwaka 2019 mahakama ya kwanza ilikubali sehemu ya mashitaka. Mahakama ya rufaa ikayageuza. Mwezi wa pili mwaka 2023 Mahakama Kuu ya jimbo ikasimama upande wa kampuni, kwa kusema kwamba maneno yake kwa watu yalikuwa yamechanganyika na kazi ya kuombea mashirika misaada, na maneno ya namna hiyo yanalindwa na uhuru wa kusema.

Kwa hiyo kisheria kampuni ilishinda. Lakini mtazame miaka ile mitano ilipita kwa kubishana nini. Hakuna aliyeuliza kama faida ni halali. Walibishana juu ya kibao tu: je, mteja alielewa ameingia nyumba gani?

Sasa tutoke Marekani, tuje kwetu. Maduka yale, ya huruma na ya faida, hayawezi kuuza kila kinachoingia. Kisichouzika kinauzwa tena kwa kilo kwa wafanyabiashara wa jumla. Wao wanachambua: suruali huku, nguo za watoto kule, makoti ya baridi pembeni, vilivyoraruka vinaenda kuwa vitambaa vya kupangusia mashine. Kile kizuri kinafungwa kwa mashine, mara nyingi kilo 45 kwa balo moja, kinapakiwa kwenye kontena, kinashuka Mombasa ao Dar es Salaam, kinapita mipaka na dwane zake, mpaka kwenye depo ya mjini kwetu.

Na si jambo la jana. Karen Tranberg Hansen, mwalimu wa antropolojia aliyeandika kitabu "Salaula" mwaka 2000, anaonyesha kwamba kisha vita ya pili ya dunia nguo hizi zilikuwa zinapita kwetu, Kongo ya Wabelgiji, na wachuuzi wakazivusha Luapula mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wakongomani tuko ndani ya hii biashara toka wakati wa wababu.

Sikilizeni na majina yake. Tanzania na Kenya wanaita mitumba, maana yake mizigo iliyofungwa. Zambia wanaita salaula, kwa Kibemba ni kuchakura ndani ya rundo. Rwanda wanasema caguwa, neno letu la Kiswahili "chagua" limevuka Rusizi.  Sisi Bukavu tunasema balo. Wazee wa Kivu, wakati wa Zaïre, waliita vietnam. Karibu hakuna mahali watu waliita "sadaka" ao "zawadi". Msumbiji njo walikaribia, waliita calamidade, kwa sababu kule zilifika kama msaada wa wakati wa maafa. Kwingine kote mnunuzi alijua toka zamani kwamba hii ni bidhaa. Aliyebaki akifikiri ni zawadi ni yule aliyeitoa, kule mbali.

Sasa nieleze namna mama anavyofanya, kwa sababu ile njo ilinifungua macho. Balo inanunuliwa ikiwa imefungwa. Kanuni ya depo ni moja: balo haifunguliwe mbele ya kulipa, na ikishafunguliwa hairudishwe. Mama anaangalia kikaratasi, anapapasa, anaomba Mungu, analipa. Mara nyingi ile pesa ni ya likelemba, ao ni deni. Wakati wa kufungua, tulikuwa tunanyamaza sisi wote nyumbani. Zikitoka nguo nzuri, mama anaimba. Yakitoka makoti ya baridi ya Ulaya, yenye doa, yenye zipu iliyovunjika, mama anakunja kitenge chake, anakaa chini, hasemi kitu. Tulijua mwezi ule mkubwa wetu atafukuzwa darasani sababu ya minervali.

Panga sasa watu wa mlolongo huu wote. Aliyetoa nguo hakupoteza kitu. Shirika liliuza kitu ambacho halikukinunua. Kampuni ilifungua, ikachagua ya kwanza. Mfanyabiashara wa jumla alifungua, akachagua ya pili. Mwenye depo anauza balo ikiwa imefungwa, nzuri na mbaya kwa bei ile ile. Wa mwisho ni mama. Karibu kila mmoja kabla yake alishaona nguo, ao alishalipwa bila kuhitaji kuziona. Mama peke yake njo ananunua asichokiona, na hasara yote inamngojea yeye. Kitu kilichoanza kwa jina la kusaidia masikini, masikini wa mwisho katika mlolongo njo anakibebea hatari.

Wengine watasema: basi tufunge mpaka, nguo kuukuu ziishe, viwanda vyetu vifufuke. Jambo hili ni kubwa, na historia yake ni chungu. Tulikuwa na Utexafrica Kinshasa, Filtisaf Kalemie, Sotexki Kisangani. Garth Frazer, mtafiti wa uchumi, aliandika mwaka 2008 kwamba nguo kuukuu zinaeleza karibu asilimia 40 ya kushuka kwa utengenezaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Ni nyingi, lakini si yote. Kwetu Zaïre kulikuwa pia kunyang'anya wafanyabiashara wa kigeni mali zao kwa zaïrianisation ya mwezi wa kumi na moja 1973, kulikuwa uporaji wa 1991 na 1993, kulikuwa umeme na barabara. Balo haikuua viwanda peke yake.

Na jirani zetu walijaribu. Mwaka 2016 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kupunguza nguo kuukuu mpaka ziishe. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 umoja wa wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani ukaenda kulalamika kwa serikali yao, ukasema kazi 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na mwezi wa saba mwaka 2018 Trump akaiondolea nguo zake nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Sisi wa mpakani tunajua kilichofuata: mabalo yakaanza kuvuka usiku kutoka kwetu kwenda kwao, na polisi yao ikawa inakamata.

Mimi ninachukua funzo moja pale. Siku ile, wenye nguo "za msaada" hawakwenda serikalini kulilia masikini wa Afrika. Walikwenda na hesabu ya kazi na soko. Kibao kiliwekwa pembeni, kitabu cha hesabu kikafunguliwa mezani.

Na sisi Wakongomani, kati ya watu wote wa dunia, hatuna haki ya kushangaa. Nchi yetu yenyewe ilianza hivyo. Mwezi wa tisa mwaka 1876 mfalme Léopold II aliita wataalamu wa jiografia na wasafiri Brussels, wakaunda Association Internationale Africaine. Kibao chake kilisema sayansi, kukomesha biashara ya watumwa, kuleta mwangaza. Mwaka 1885 likatoka dola, mali ya mtu mmoja, na nyuma ya dola ile pembe za tembo na mpira, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyochomwa.

Nani alisaidia dunia kugundua? Mmoja wao alikuwa karani, kijana kama sisi. Edmund Morel alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, Liverpool, na kazi yake ilimfikisha kwenye bandari ya Antwerp. Hakuwa amefika Kongo. Aliangalia karatasi za mizigo tu: meli zinakuja zimejaa mpira na pembe, zinarudi Kongo na bunduki na risasi, na bidhaa za kulipia watu karibu hakuna. Akaelewa: kama hakuna kinacholipwa, watu wanalazimishwa. Mwaka 1904 akaanzisha Congo Reform Association, na mwaka 1908 Léopold akalazimika kuachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Sisemi duka la nguo la Marekani ni sawa na mpira wa Léopold. Hapana kabisa, ingekuwa kutukana wafu wetu. Ninasema namna ya kujua ukweli ni ile ile: usisome kibao, soma hesabu. Nani anatoa, nani analipwa, nani anabeba hasara.

Basi nikarudi kwenye katiba yetu, nikaisoma kwa macho ya Morel. Nikafungua na sheria ya 20 Julai 2001 inayohusu ASBL hapa kwetu. Kifungu cha kwanza kinasema wazi: ni shirika lisilofanya biashara isipokuwa kama jambo la pembeni tu, na lisilotafuta kuwapatia memba wake faida ya mali. Sisi tulitaka biashara iwe mambo yote, na memba wapate mali yote. Mayatima njo walikuwa jambo la pembeni. Nikaona aibu. Nilikuwa nimeandika kibao, hesabu nikaificha chini ya meza.

Na kwa nini tulificha? Kwa sababu tumelelewa kuona neno "faida" kama dhambi, na neno "proje" kama baraka. Mtu akisema "mimi ni mkubwa wa ONG" anapewa kiti cha mbele. Akisema "mimi ninauza balo", hata mwenye diplome anamuonea huruma. Lakini mama, ambaye hakuwahi kuandika neno faida popote, alisomesha watoto watano kwa faida, hakumdanganya mtu hata mmoja. Toka nchi yetu iingie OHADA, mwezi wa tisa mwaka 2012, sheria inamjua hata mfanyabiashara mdogo kabisa: anaweza kujitangaza kama entreprenant bila karatasi mingi. Mlango uko, sisi njo tunauogopa.

Tulikutana tena wale saba. Nilipendekeza tuchane katiba, tufungue biashara ya kweli. Tulibishana saa tatu, maneno mengine sitayaandika hapa. Watatu wakaondoka, mmoja wao mpaka leo hanisalimie. Tulibaki wanne. Tunanunua balo, tunaifungua sisi, tunachambua, na kina mama wa soko wanachukua kwa mafungu wanayoyaona kwa macho yao. Faida yetu ni kidogo na hatari ni yetu. Balo ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilitutoa machozi, makoti matupu, na nikaelewa kwa mwili wangu kile mama alichokuwa ananyamazia. Ya tatu ilirudisha nusu ya hasara. Daftari la hesabu liko mezani, kila memba anaandika, na mama wa soko akitaka kuliona tunamuonyesha.

Mayatima hatukuwasahau. Tumekubaliana tukipata faida ya miezi sita mfululizo, kuna sehemu itakwenda kwao, na itaandikwa. Bado hatujaipata. Kwa hiyo kwa sasa, wandugu, hatusemi kwamba tunawasaidia.

Kama uko na katiba kwenye simu, ifungue usiku huu. Soma kifungu cha kwanza, halafu ujiulize lile swali la mama wa Kadutu.